Kukatika pumzi usingizini na mzio wa pua: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Nyanda za Juu Kusini

Haya ni maswali yale yale yanayorudi kila wiki kliniki, kwenye vikao vya wazazi, na kwa madereva wanaosimama Uyole au Makambako kunywa chai. Mengi huanzia puani: "Nina aleji, ndiyo maana nakoroma." Mara nyingi hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu iliyobaki ndiyo yenye hatari. Msimamo wetu ni mmoja tangu swali la kwanza hadi la mwisho: tibu pua vizuri, kwa muda unaojulikana, kisha rudi uangalie kama pumzi bado inakatika. Kama bado, usiishie puani.

## Mambo ya msingi

1. Kukatika pumzi usingizini ni nini hasa? Si kukoroma tu?

Kukoroma ni kelele ya hewa inayopita kwa shida kwenye koo lililolegea. Kukatika pumzi ni pale koo linapojifunga kabisa au karibu kabisa, huku kifua kikihangaika kuvuta hewa isiyoingia. Kwa mtu mzima, pumzi ikisimama sekunde 10 au zaidi huhesabiwa tukio moja. Oksijeni inashuka kwenye damu, ubongo unashtuka, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa, mtu anageuka na kulala tena. Asubuhi hakumbuki kitu.

Wataalamu huhesabu matukio hayo, pamoja na yale ya pumzi kupungua sana, kwa kila saa ya usingizi. Yakiwa 5 hadi 14 tatizo ni dogo, 15 hadi 29 ni la kati, 30 na kuendelea ni kubwa. Shika hesabu hii kichwani, tutaihitaji huko chini. Watoto wana hesabu yao (swali la 16).

Si ugonjwa wa nadra. Utafiti wa Wisconsin, Marekani, uliochapishwa 1993, uliwapima watumishi wa serikali wa miaka 30 hadi 60 na kukuta asilimia 24 ya wanaume na asilimia 9 ya wanawake wana matukio 5 au zaidi kwa saa. Waliokuwa nayo na pia kusinzia mchana walikuwa asilimia 4 na asilimia 2 tu. Yaani wengi wanaishi nalo bila kulihisi. Makadirio yaliyotolewa 2019 yalifikia watu wazima milioni 936 duniani.

2. Nitajuaje kama ninalo, na mimi nimelala?

Anayejua ni yule mnayelala chumba kimoja: mke, mume, mwenzako wa bweni, utingo wako. Mwombe asikilize jambo moja: unakoroma, halafu kimya, halafu unashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Akurekodi kwa simu dakika tano, usiku wa manane, kifua kikionekana. Video hiyo inamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Kama unalala peke yako, utazame mchana wako. Unaamka umechoka ingawa ulilala kwa muda wa saa nane, kinywa kikavu, kichwa kinauma asubuhi kisha kinaacha chenyewe, usiku unaamka kukojoa mara kwa mara, unasinzia kanisani au ukiwa kwenye daladala.

Kuna maswali manane yaliyotungwa Toronto na kuchapishwa 2008, yanaitwa STOP-Bang. Unakoroma kwa sauti? Unachoka mchana? Kuna aliyeiona pumzi yako ikisimama? Una presha? Uzito umezidi sana? Umepita miaka 50? Shingo inazidi sentimita 40? Wewe ni mwanamume? Ukijibu ndiyo mara tatu au zaidi, kapimwe. Shingo inapimwa hata kwa utepe wa fundi cherehani. Maswali haya hayatoi hukumu, yanaonyesha tu nani asisubiri.

3. Mtu akishtuka usiku akitafuta hewa, hilo si jinamizi?

Kwenye jinamizi mtu yuko macho, anasikia watu wa nyumbani, ila mwili hautikisiki na kifua kizito. Aliyekatika pumzi anashtuka, anakaa kitako, mikono na miguu inasogea, moyo unakwenda mbio, anavuta hewa kwa kelele. Yote mawili yanaweza kumpata mtu mmoja, kwa sababu usingizi unaokatikakatika huchochea jinamizi. Familia ikitaka kuomba, iombe, na asubuhi mgonjwa aende hospitali.

4. Mimi ni mwembamba. Inanihusu?

Inaweza. Unene ni sababu kubwa kwa watu wazima, lakini taya dogo lililorudi nyuma, tonsili kubwa, kurithi, pombe ya usiku na kukoma hedhi navyo vimo. Wanawake husahaulika zaidi. Mama wa miaka 55 akisema "nachoka tu, usingizi siupati," huambiwa ana mawazo na kuandikiwa dawa ya usingizi, na dawa hiyo inaweza kulilegeza koo zaidi.

## Madhara yake mwilini

5. Madhara yake makubwa ni yapi?

Kila pumzi inapokatika, mwili unamwaga homoni za hofu na shinikizo la damu linapanda. Ikitokea mara 30 kwa saa, usiku mzima, kwa miaka, mishipa haipumziki. Watafiti wale wa Wisconsin walitoa matokeo mengine mwaka 2000: wenye matukio 15 au zaidi kwa saa walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu wa kuwa na presha miaka minne baadaye, wakilinganishwa na wasio na tukio hata moja. Tafiti nyingine zimelihusisha tatizo hili na mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio, kiharusi, moyo kushindwa kazi na kisukari cha aina ya pili.

Huko Hispania, wanaume waliofuatiliwa miaka 10 hivi, matokeo yakachapishwa 2005, walionyesha kwamba wenye tatizo kubwa wasiotibiwa walipata mashambulizi ya moyo na viharusi zaidi kuliko waliotumia mashine ya kupumulia (CPAP, inayosukuma hewa usiku ili koo lisifunge). Ila utafiti huo uliwatazama tu watu jinsi walivyoishi, haukuwagawa kwa kura. Anayekubali kuvaa mashine kila usiku huenda pia ndiye anayemeza dawa zake zote za presha. Tofauti hii ndiyo mzizi wa mjadala wa swali la 8.

6. Nameza dawa tatu za presha na haishuki. Yahusiana?

Omba upimwe. Presha isiyosikia dawa tatu ni moja ya milango mikuu ya kugundua tatizo hili. Jaribio la Hispania lililochapishwa 2013 liliwachukua wagonjwa 194 wa namna hiyo wenye pumzi inayokatika. Baada ya wiki 12, wastani wa presha ya saa 24 ulishuka kwa milimita 3.1 zaidi kwa waliopewa mashine. Si nyingi, kwa hiyo usiache vidonge. Lakini kwa mtu ambaye presha yake imegoma, kila milimita ina thamani.

7. Ni dereva wa lori, Dar hadi Tunduma. Nikisema nakoroma si nitanyang'anywa kazi?

Hofu hii tunaielewa, maana nyumbani kuna watoto wanaosubiri ada. Lakini barabara yenyewe unaijua: zaidi ya kilomita 800 mpaka Mbeya, ukiwa umeshapanda Kitonga na kupita Mlima Nyoka. Tafiti zilizounganishwa pamoja zinaonyesha madereva wenye tatizo hili lisilotibiwa hupata ajali zaidi ya mara mbili ya wenzao. Kahawa, muziki na dirisha wazi havizuii ubongo kuzimika sekunde nne, na sekunde nne kwa kilomita 80 kwa saa ni karibu mita 90 bila dereva.

Tatizo hili linatibika, na dereva anayetibiwa huendelea na kazi. Kusinzia kunaweza kupungua ndani ya siku au wiki chache za kutumia mashine ipasavyo. Mpaka hapo, usiendeshe usiku, na ukihisi kope zinaelemea, simama ulale dakika 20.

8. Nimesoma kwamba utafiti mkubwa ulionyesha mashine haiulindi moyo. Basi ya nini?

Umesoma sawa. Utafiti huo unaitwa SAVE, ulichapishwa 2016. Ulikuwa na watu zaidi ya 2,600 wa miaka 45 hadi 75 ambao tayari walikuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, wakagawanywa kwa kura na kufuatiliwa miaka 3.7 kwa wastani. Waliopewa mashine hawakupata mashambulizi ya moyo au viharusi vichache kuliko wengine.

Yapo mambo mawili ya kuyasoma ndani yake. Walivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 tu kwa usiku, chini ya nusu ya usingizi. Na wagonjwa waliosinzia kupita kiasi mchana hawakuingizwa, kwa kuwa isingekuwa haki kuwaacha bila tiba. Hata hivyo waliotumia mashine walipungua kukoroma, walipungua kusinzia, na hali yao ya hisia na ya maisha ikawa nzuri zaidi. Mimi naisoma hivi: mashine inatolewa ili mtu alale, aamke, aendeshe salama na presha yake itulie kiasi. Anayeahidi kwamba itazuia kiharusi anaahidi zaidi ya kilichothibitishwa.

## Pua na mzio

9. Mzio wa pua unaingiaje hapa?

Mzio unavimbisha utando wa ndani ya pua. Pua ikiziba, kifua kinavuta hewa kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hiyo inalivuta koo lililolegea lijifunge. Tena mdomo unaachama, taya linarudi nyuma na ulimi unalifuata. Pua huchochea, koo ndilo linalofunga.

Dalili za mzio ni chafya mfululizo, pua kuwasha, kamasi la majimaji, macho kuwasha. Pua inayoziba upande mmoja tu siku zote, au inayotoa damu na harufu, itazamwe na daktari wa pua, masikio na koo kabla ya kuitwa aleji.

10. Nikitibu mzio, kukatika pumzi kutapona?

Kwa wachache wenye tatizo dogo, huenda. Kwa wengi, kutapungua tu.

Mfano mzuri ni utafiti wa Ireland uliochapishwa 2004. Watu waliokoroma na kuwa na pua inayoziba walipewa fluticasone (steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe) ya kupulizia puani wiki nne, na kwa wakati mwingine dawa bandia, yaani ya kulinganishia isiyo na dawa ndani. Kwa wale ambao pumzi ilikuwa inakatika, matukio yalikuwa kama 30 kwa saa wakiwa kwenye dawa bandia, yakawa kama 23 wakiwa kwenye dawa halisi. Rudi kwenye hesabu ya swali la 1: 23 bado ni tatizo la kati. Mgonjwa anahisi pua nyepesi, anafurahi, haji tena kliniki, na usiku koo linaendelea kufunga mara 23 kwa saa. Hapo ndipo watu wetu wengi wanapopotelea.

Kwa hiyo tumia dawa ya kupulizia kila siku kwa wiki 4 hadi 6, kisha mnayelala naye asikilize tena. Hata kama mashine itahitajika, pua iliyotibiwa itakusaidia kuivumilia.

11. Nameza Piriton kila usiku na nalala fofofo. Kuna ubaya?

Upo. Dawa za mzio za kizazi cha kwanza, yaani klofenilamini (Piriton) na promethazini (Phenergan), zinaingia kwenye ubongo na kulevya. Kulala fofofo si kulala vizuri. Unaweza kuwa husikii tu pumzi inapokatika, na asubuhi unashika usukani dawa ikiwa bado mwilini. Tena hazizibui pua sana, zinapunguza zaidi chafya na kuwasha.

Cetirizini au loratadini hazilevyi kiasi hicho, ingawa cetirizini huwasinzisha baadhi ya watu. Kwa pua iliyoziba, dawa ya kupulizia yenye steroidi ndiyo yenye nguvu kuliko vidonge. Na mama mwenye mtoto mchanga, tafadhali: promethazini haipewi mtoto wa chini ya miaka miwili, imewahi kusimamisha pumzi za watoto.

12. Nimepewa dawa ya kupulizia, mbona haifanyi kazi?

Mara nyingi dawa ni nzuri ila inaishia pabaya. Penga kamasi kwanza, au safisha pua kwa maji ya chumvi. Tikisa chupa. Inamisha kichwa mbele kidogo, usikiinue juu. Shika chupa kwa mkono wa kulia upulizie tundu la kushoto, kisha mkono wa kushoto kwa tundu la kulia, ncha ikielekea upande wa sikio la upande ule ule. Ukielekeza katikati, dawa inapiga ukuta wa pua na kuleta damu. Pulizia huku ukivuta hewa taratibu tu, usinuse kwa nguvu. Ukisikia uchungu kooni, ujue umeimeza.

Haifanyi kazi siku hiyo hiyo. Inataka siku kadhaa, na nguvu yake kamili huonekana baada ya wiki mbili hivi. Anayepulizia siku akibanwa tu hataona faida.

Maji ya chumvi ya nyumbani: nusu kijiko cha chai cha chumvi, cha kusawazisha, kwenye robo lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Tengeneza mapya kila siku.

13. Na yale matone ya duka la dawa yanayozibua pua papo hapo?

Siku tatu, zisizidi tano. Ukizidisha wiki, pua inayazoea na kuziba zaidi kila yanapoisha, nawe unayarudia. Tumeona watu waliokwama hapo kwa miaka. Wenye presha wajihadhari zaidi.

14. Huku kwetu mzio unatoka wapi? Si ni baridi tu?

Baridi ya Juni na Julai inachokoza pua, moshi wa kuni nao, lakini hivyo si mzio, ni vichokozi. Vinavyoleta mzio hasa ni wadudu wadogo wasioonekana kwa macho waliomo kwenye magodoro na mablanketi, wapendao unyevu kama wa Tukuyu, pamoja na mende, manyoya ya wanyama wanaolala ndani, ukungu wa kuta na chavua za nyasi. Kazi nazo zina lake: wachumaji wa pareto hupata chafya na muwasho wa ngozi, na wanaopasua mbao Mafinga huvuta vumbi siku nzima.

Blanketi lifuliwe kwa maji ya moto na lianikwe juani, mtoto asilale na kuku chumba kimoja, fundi mbao avae barakoa.

Jambo moja la kuokoa maisha. Kama mnaamka na maumivu ya kichwa na usiku mnaingiza jiko la mkaa ndani mkafunga madirisha, msifikirie mzio wala kukoroma. Hiyo ni gesi ya mkaa, haina harufu, na inaua familia nzima usiku mmoja. Toeni jiko nje leo.

15. Sindano za kuzoesha mwili mzio zinasaidia?

Zinasaidia mzio. Zilianza London mwaka 1911, Leonard Noon alipowadunga wagonjwa dondoo za chavua za nyasi. Leo zipo pia za kuweka chini ya ulimi. Tiba huchukua miaka mitatu hivi, lazima ijulikane kwanza una mzio wa nini, na kila baada ya sindano unakaa kituoni dakika 30 kwa sababu mwili unaweza kupata mzio mkali ghafla. Kuitumia ili kutibu pumzi inayokatika hakujathibitishwa. Usiuze ng'ombe kwa ajili hiyo.

## Watoto

16. Mwanangu wa miaka mitano anakoroma, anahema kwa mdomo, pua haziachi. Apasuliwe?

Huenda, lakini si hatua ya kwanza kwa kila mtoto. Kwa watoto kinachoziba zaidi ni tonsili na zile nyama za nyuma ya pua. Mtoto hasinzii mchana kama mtu mzima: anakuwa mtundu kupita kiasi, hatulii darasani, anakojoa kitandani, hakui vizuri. Kwake hata tukio moja kwa saa linatosha kutiliwa mashaka, na 10 ni kubwa.

Utafiti wa Melbourne, Australia, uliochapishwa 2023, uliwachukua watoto 276 wa miaka 3 hadi 12 waliokoroma na kuhema kwa shida usingizini. Nusu walipuliziwa puani mometasone, ambayo ni steroidi, na nusu maji ya chumvi, wiki sita. Dalili ziliisha kwa asilimia 44 ya waliopata dawa na asilimia 41 ya waliopata maji ya chumvi. Hakuna tofauti! Kwa mzazi wa Chunya au Ludewa hii ni habari njema sana, maana watoto wengi wanaweza kuanza na maji ya chumvi nyumbani kabla ya safari ya kwenda kwa bingwa.

Kuhusu upasuaji, utafiti wa Marekani wa 2013 uliwagawa watoto 464 wa miaka 5 hadi 9: wengine wakatolewa tonsili na nyama hizo mapema, wengine wakasubiri kwa uangalizi miezi saba. Kipimo cha usingizi kilirudi kuwa cha kawaida kwa asilimia 79 ya waliopasuliwa na asilimia 46 ya waliosubiri. Tabia na maisha ya kila siku viliboreka zaidi kwa waliopasuliwa, ingawa majaribio ya umakini hayakuonyesha tofauti ya maana.

Usisubiri ukiona kifua kinabonyea kwa ndani akivuta hewa, analala shingo imenyooshwa nyuma, midomo inageuka rangi, au uzito haupandi. Huyo apelekwe hospitali sasa.

17. Bibi anasema akatwe kimeo. Tumkubalie?

Shikamoo yake ibaki pale pale, lakini kimeo kisikatwe. Kimeo si kinachomziba mtoto. Kisu cha nyumbani kinaleta damu isiyokatika, usaha kooni, pepopunda na maambukizi ya VVU. Mweleze bibi kwa upole, mwonyesheni ile video ya usiku, na ikiwezekana aende naye kliniki amsikie daktari mwenyewe. Tumeona mabibi wakigeuka kuwa wasimamizi hodari wa maji ya chumvi.

18. Mtoto alipewa vidonge vya montelukast (dawa ya pumu na mzio), sasa anaota ndoto mbaya na analia ovyo.

Wasiliana na daktari leo kuhusu kuviacha. Montelukast ilionyesha nafuu kwenye tafiti ndogo za watoto wenye tatizo dogo, lakini Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa kwa sababu ya mabadiliko ya tabia, ndoto za kutisha, huzuni na mawazo ya kujiua. Kwa mafua ya mzio peke yake, ibaki kwa wale ambao dawa nyingine zimeshindwa.

## Kupima, mashine na mwinuko

19. Nianzie wapi?

Anzia kituo cha afya kilicho karibu: presha, sukari, uzito, shingo, pua na koo. Omba rufaa kwenda hospitali ya mkoa, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya. Kipimo kamili ni cha usiku mzima, chenye waya za kichwani, mkanda wa kifuani na kifaa cha kidole. Vipo pia vifaa vidogo vya kulala navyo nyumbani. Piga simu kwanza uulize kama kifaa kipo na kinafanya kazi kabla hujakata tiketi ya basi. Kubanwa kidole mchana na kuambiwa "oksijeni 96, uko sawa" si kipimo cha usingizi.

20. Mwinuko wetu unaongeza tatizo?

Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, uwanda wa Kitulo mita 2,600 hivi. Watafiti wa Zurich waliwachukua wagonjwa wanaoishi bondeni, wakawapandisha mita 1,860 kisha 2,590 bila mashine zao. Oksijeni ilishuka na matukio yakaongezeka, mengi yakiwa ya aina nyingine, ambapo koo liko wazi ila ubongo unasita kuagiza pumzi. Kwa hiyo mgonjwa anayetoka Dar kuja msibani Makete abebe mashine yake, hata kwa siku mbili. Aliyezaliwa huku mwili wake umeshazoea, asome matokeo haya kwa tahadhari kwani hayakumpima yeye.

21. Ndugu yangu ng'ambo ameniletea mashine iliyotumika. Nivae?

Si kabla ya kuonwa. Mashine ya CPAP, iliyobuniwa Sydney na Colin Sullivan na kutangazwa 1981, inasukuma hewa ili koo lisifunge, na nguvu ya hewa hupangwa kwa mtu. Iliyopangwa kwa mwingine inaweza kuwa ndogo au kubwa mno kwako. Juni 2021 kampuni ya Philips iliita tena mamilioni ya mashine zake kwa sababu ya sponji la ndani lililoweza kumomonyoka na kuvutwa na mgonjwa. Angalia aina na namba ya mashine yako. Barakoa na mpira vinunuliwe vipya.

22. Nikipungua uzito?

Inasaidia sana. Huko Wisconsin, aliyepungua asilimia 10 ya uzito alitarajiwa kupunguza matukio kwa asilimia 26 hivi, na aliyeongezeka asilimia 10 kuyaongeza kwa asilimia 32. Sindano ya kupunguza uzito ya tirzepatide, kwenye majaribio ya 2024 kwa watu wanene, ilipunguza matukio 25 hadi 29 kwa saa kwa wastani, dhidi ya 5 hivi kwa waliodungwa dawa bandia. Bei yake bado ni ya mbali na mifuko mingi ya huku. Pombe ya jioni unaweza kuiacha leo bila gharama.

## Ukialikwa kwenye utafiti

23. Nitajuaje kama utafiti ni halali?

Mbeya imezoea tafiti, kituo cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu) kipo hapa hapa. Uliza kibali cha maadili kutoka NIMR, na kama ni jaribio la dawa, kibali cha TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba). Fomu ya ridhaa iwe kwa Kiswahili, usomewe kama husomi, uulize maswali, upewe nakala yenye simu ya kuwafikia. Unaweza kujitoa siku yoyote na tiba yako ya kawaida isiguswe. Nauli unarudishiwa. Anayekutaka wewe ulipie kushiriki, ondoka.

24. Kwa nini wengine wapewe dawa bandia? Si kuwachezea?

Rudi swali la 16. Bila kundi la maji ya chumvi, tungeisifia mometasone kwa nafuu ya asilimia 44 na wazazi wangeendelea kuinunua. Jambo la kudai ni hili: aliye hatarini, kwa mfano dereva anayesinzia kwenye usukani, asiwekwe kundi lisilo na tiba, na wote waelezwe mapema kwamba kuna kura.

## Hali za pekee

25. Nina mimba na nimeanza kukoroma.

Pua huvimba wakati wa ujauzito, hivyo kukoroma kidogo ni kawaida. Kukiwa na pumzi inayosimama au presha inayopanda, sema kliniki ya wajawazito siku hiyo, kwani tatizo hili huenda pamoja na kifafa cha mimba. Lala kwa ubavu. Maji ya chumvi ni salama, na dawa ya kupulizia uliyokuwa ukitumia usiiache wala kuibadilisha bila kuuliza.

26. Nitafanyiwa upasuaji wa ngiri. Niseme kuhusu kukoroma?

Sema, hata usipoulizwa, na umwambie mtoa dawa ya usingizi mwenyewe. Dawa za usingizi na za maumivu makali, kama mofini na pethidini, hulegeza koo na kupunguza msukumo wa kupumua. Kama una mashine, ije nawe wodini na ivaliwe hata ukisinzia mchana. Ulazwe kichwa kimeinuliwa au kwa ubavu, kifaa cha kidole kikiwashwa usiku wa kwanza. Ndugu anayekuuguza aelezwe mapema: akisikia mkoromo umekatika na kifua kinahangaika kimya kimya, akutikise, aite jina lako na amwite nesi, asingoje mpaka koo lifunguke lenyewe.